Soli za Peris

Thamesmead, 5 Oktoba 2025

Peris mamangu,

Hujambo huko Sheffield? Unakula? Sisi tuko, ila mgongo wangu umeshajua kwamba baridi inakuja.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "niko sawa mum" halafu unakata. Karatasi haikatwi. Wikendi ile ulipokuja nilikuona ukipanda ngazi umeshika ukuta, na sisi tunakaa gorofa ya pili tu. Ukavua soksi ukidhani niko jikoni. Uvungu wa mguu mwekundu, kama umekanyaga makaa! Ni hiyo hoki yenu ya barafu. Sikusema mbele ya Tevin, ndugu yako angecheka.

Sasa nimekununulia soli za kuweka ndani ya vile viatu vya barafu nilivyokupa ulipofika miaka kumi na minane. Nimechagua laini kuliko zote. Nilizibonyeza moja moja mpaka msichana wa duka akaniuliza kama natafuta mkate. Ziko kwa parcel hii pamoja na njugu. Na mguu ukikataa, acha huo mchezo. Hakuna mtu wa kwetu amewahi kuhitaji barafu nje ya soda.

Mamako

*

Sheffield, 13 Oktoba 2025

Mum mpendwa,

Habari ya nyumbani? Mgongo unaufanyia mazoezi au unaulalamikia tu? Mimi mzima. Njugu zimeisha. Nusu amekula Ibtisam wa timu yetu, na ameuliza kama una mtoto wa kiume. Nimemwonyesha picha ya Tevin, akarudi kwa njugu.

Mum, usikasirike. Soli ni laini mno. Mguu unazama, kifundo kinalala ndani, kiatu kinaenda upande wake na mimi wangu. Nilianguka mara nne kabla ya kipenga. Kocha anasema nitafute soli ngumu, yenye kikombe cha kushika kisigino na kilima kidogo chini ya uvungu, na isiwe nene. Lakini kuna za uvungu wa juu na za chini, sijui mguu wangu ni upi.

Majaribio ya timu ya kwanza ni 29 Novemba. Nikicheza hivi hawatanichukua. Na kuacha siachi. Pale kwenye barafu ndipo mahali pekee sifikirii mtihani.

Bintiyo, Peris

*

Thamesmead, 19 Oktoba 2025

Peris,

Salama? Pole kwa kuanguka mara nne, nimezihesabu zote.

Kuna fundi viatu Southall, Mzee Hemal, Mhindi mzaliwa wa Kisumu. Kiswahili chake ni cha sokoni kabisa. Kutoka stesheni yetu ya Abbey Wood ni treni moja. Nimemweleza mguu wako mpaka wateja wengine wakaondoka. Akasema, "Mama, mguu haupimwi kwa mdomo. Aloweshe wayo, akanyage gazeti. Asimame, asiketi! Na zile soli zilizokuja na viatu, azitoe alete."

Fanya haraka. Hiyo tarehe nimeibandika kwenye friji.

Mamako

*

Thamesmead, 2 Novemba 2025

Mtoto wangu,

Uko mzima? Bahasha imefika: gazeti, soli za zamani, barua hakuna. Nikasema labda ana masomo. Sasa najua.

Hemal aliweka soli chini ya taa. Vidole vyako vyote vitano vimejichora pale, halafu mbele yake imebaki nafasi tupu ya kidole kizima. "Huyu anaogelea ndani ya kiatu," akasema. "Kiatu cha barafu hubana kushinda cha barabarani. Nani alimpimia?"

Peris, nilivipima kwa mguu wangu. Nilitaka iwe siri ya birthday, kwa hivyo sikuweza kukupeleka dukani. Nikasema vikizidi kidogo atavijaza, kama vile viatu vya shule tulivyotia karatasi mbele. Mtu wa miaka kumi na minane, ajaze na nini! Mbona hukuniambia?

Hemal amekupa soli ngumu za uvungu wa chini, kwa sababu kwenye gazeti wayo wako umelala wote. Ziko humu. Ila amesema soli haiwezi kurekebisha kiatu cha mtu mwingine. Tafuta vidogo. Nijibu, hata neno moja.

Mamako

*

Thamesmead, 9 Novemba 2025

Leo nimechungulia mlangoni mara tatu kama kuna barua, na Jumapili posta haiji. Umenikasirikia?

Mama

*

Sheffield, 14 Novemba 2025

Mum wangu,

Nimekasirika wapi? Niliona aibu. Nilijua soli ya zamani itanisema, ndiyo maana niliituma bila neno.

Siku ile ya birthday ulipiga magoti kwa carpet ukanifunga kamba mwenyewe. Ukauliza, "Vinaingia?" Nikasema vinaingia. Na vilikuwa vinaingia, hata paka angeingia nami. Ungesema nini, mum, na mtu anakuangalia vile? Nikavaa soksi mbili mbili. Mwezi wa kwanza ukapita, baadaye ikawa ngumu zaidi.

Ibtisam amenipa jozi yake ya zamani, saizi mbili chini. Nimetia soli za Hemal na kisigino kimekaa kimya. Jana nimezunguka uwanja mzima kwa mguu mmoja. Utakuja tarehe 29? Na vile vikubwa niviuze?

Wako, Peris

*

Thamesmead, 6 Desemba 2025

Peris mamangu,

Mguu haujambo? Kiuno changu usikiulize. Tevin ameshakiuliza vya kutosha.

Nashukuru hukuviuza vile viatu. Tarehe 29 huko kwenu, ile orodha ya timu ya kwanza ukutani niliisoma mwenyewe, polepole, na jina lako ni la tatu. Nilitaka kupiga vigelegele lakini wazungu walikuwa karibu, nikapiga kidogo.

Halafu ukanivalisha vile vikubwa. Nilipokanyaga barafu, dunia yote ikaondoka chini yangu. Nilikuambia usiniachie na hukuniachia, hata tulipoanguka wote wawili. Ndipo nikaelewa ulisimama mwaka mzima juu ya kitu kile, ndani ya kiatu cha mamako, na hukusema.

Leo nimerudi kwa Hemal. Nimelowesha wayo, nikasimama kwenye gazeti, sikuketi. Ameliweka juu ya lako dirishani. Ni wayo ule ule, mamangu, umelala wote vile vile. Wangu umezidi kidole kimoja tu.

Soli zangu za vile vikubwa zitakuwa tayari Jumamosi ijayo. Ngumu.

Mamako