Chumba cha Bawabu wa Ibra

Salma mjukuu wangu, marahaba. Sie wazima, bibi yako kanenepa, ila usimwambie nimesema. Yeye na wenzake wanasimulia kuwa nilipofika huku Ibra, Omani, kutoka Unguja nilizuiwa langoni kama mbuzi. Waongo wote!

Picha ya kijumba cha bawabu unachokipima kwa masomo yako huko Uingereza nimeiona. Unauliza kwa nini mwenye shamba kakipamba vile. Anataka mgeni ajue tangu langoni kuwa anakwenda kwa watu wakubwa. Lango la mtaa wetu nalo lilikuwa na chumba chake, na baraza ya kukaa bawabu. Mzee yule aliposikia Kiarabu changu kibovu akasema, "Wewe si wa hapa." Na babu zangu wote wamezikwa hapo! Sikubishana. Nikaona mlango wake unakwaruza chini. Nikatoa randa yangu ya useremala, nikaunyanyua mlango kwa bega langu peke yangu, nikauchonga mpaka ukafungika kwa kidole. Bawabu akasema, "Karibu kwenu, mwanetu."

Haya, nakiri: hayo maneno ya mwisho nimeyatia mie. Mzee alisogea tu pale barazani nipate kukaa, akanimiminia kahawa.

Babu yako, fundi wa lango