Macho Makavu Msibani

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini kikohozi kimekuachia na unalala vizuri. Sisi hatujambo. Wifi yako anakusalimu. Ameniomba nikuandikie kwa upole, nisikufokee kama nilivyozoea.

Kazi yangu unaijua, na utani wako naukumbuka, kwamba msomi mzima nalipwa kutazama mate. Juzi daktari alituletea kipande kidogo cha tezi ya mate kutoka mdomoni mwa mgonjwa. Seli za tezi zikipata ujumbe wa neva, huachia kalsiamu ziliyoihifadhi ndani yake. Kalsiamu hiyo ndiyo hufungua njia. Chumvi hutoka, na maji huifuata. Sisi huitia kalsiamu rangi inayong'aa ili tuione ikipanda. Safari hii mwanga ulipanda kidogo tu, ukafifia. Fundi wetu wa maabara, mtu wa mzaha, alisema kwamba seli hizo ni kama wenye nyumba waliopigiwa hodi mpaka basi na hawaitiki. Nilicheka, kisha nikamuuliza daktari habari za mgonjwa. Akanieleza kuwa ni mama wa makamo: hawezi kumeza mkate bila maji, meno yanaoza, macho yanamkereketa kama yana mchanga, na hata akifiwa hatoi chozi.

Kicheko kilinikaukia.

Mdogo wangu, kwenye msiba wa mama watu walinong'ona kwamba hukumlilia. Ulidhani shangazi ndiye aliyeyaanzisha maneno yale, na mpaka leo humsemeshi. Si yeye. Ni mimi. Nilisimama jikoni nikasema una moyo wa jiwe, tena kwa sauti, ili wengine wasikie. Ni mimi pia niliyekuondolea gilasi mezani, nikasema mtu mzima hasukumi tonge kwa maji. Dalili zote zilikuwa mbele yangu, na kuzijua ndiyo kazi yangu. Naona haya hata kuandika.

Sina hakika kama ugonjwa wako ni huohuo. Daktari ndiye atakayepima, naye amekubali kukuona. Ikiwa hutaki kuniona mimi, nitakaa mbali siku hiyo.

Shangazi nimekwisha kumwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema niwaambie na wengine, kwa sauti ileile. Jumapili wote watakuwa hapa, nami nitasimama jikoni niwaambie.

Wasalimie wanao. Ukija, jagi la maji liko upande wa kiti chako.

Kaka yako,
Bwana Rula, kama ulivyozoea kuniita