Kioo Kilimwaibisha Fundi Wangu, Kumbe Kosa Langu

Hell-Ville, Novemba 1962

Mpendwa Bi Mshauri, naomba msaada wako, na naomba usinicheke, ingawa najua utanicheka. Mimi ni fundi redio hapa kisiwani Nosi Be, nina miaka ishirini na saba, na Kiswahili changu ni cha Unguja nilikolelewa na mjomba. Huku watu wanasema Kimalagasi na Kifaransa, na nyumbani kwetu Kingazija, ndiyo maana nimekuandikia kwa lugha hii, siri yangu isijulikane. Jina langu lifiche, na ya wengine yabadilishe.

Kazi nilifundishwa Mahajanga na Fundi Ibouroi, mzee anayetengeneza redio kwa masikio. Huinamisha kichwa, husikiliza, kisha hukwambia palipoharibika, na alinilea dukani mwake miaka sita kama mwanawe, na binti yake Rahamatou, ambaye ndiye aliyekuwa akitusomea vitabu vya ufundi kwa kuwa baba yake hasomi Kifaransa, ni mchumba wangu. Mwaka jana nikaenda Tananarive kwa mafunzo, nikarudi na osiloskopu, yaani sanduku lenye kioo cha mviringo kinachouchora umeme kwa mstari wa kijani, ukaona kwa macho kile ambacho fundi wa zamani hukisikia tu, na sikufichi, Bi Mshauri, nilijiona mtu mkubwa.

Sasa Agosti, siku chache kabla ya Maulidi, chama chetu cha Wangazija kilimpa Fundi Ibouroi mashine ya kukuzia sauti aitengeneze, naye akaisuka upya transfoma yake kwa mkono, siku tatu, waya mwembamba kama unywele. Wazee walipokuja kuichukua nilikuwepo, na bila ya kuombwa na mtu nikaiweka osiloskopu mezani, nikaichomeka mashine waya wa kupimia, nikapitisha umeme wa majaribio, ambao mashine ikiwa nzima hutoka na pembe kali kama meza, lakini kiooni pembe zilitoka zimelika kama sabuni iliyotumika.

"Transfoma hii mbovu," nikasema mbele ya wote.

Fundi akaniambia taratibu, "Kijana, isikilize kwanza."

Nikamjibu, "Fundi, masikio yamezeeka. Kioo hakidanganyi."

Watu wakacheka. Bwana Msaidié, katibu wa chama, akanipa kazi mimi. Nikatia transfoma mpya, ile ya mzee nikamrudishia, na siku ya Maulidi kila mtu akasema sauti imenoga, hata mimi nikaisikia imenoga. Fundi Ibouroi akateremsha kibao chake cha dukani. Siku hizi anatengeneza tochi tu, na akiletewa redio husema, "Mpelekeeni mwenye kioo."

Mimi nikapata kazi huku Hell-Ville, katika duka la Bwana Chaïbou, na wiki tatu zilizopita nilifungua mashine mpya, imetoka sandukuni sasa hivi, nikaipima: sabuni. Nikachukua ya kampuni nyingine: sabuni. Ya tatu: sabuni. Ndipo nikakitoa kitabu cha osiloskopu, ambacho sikuwa nimekifungua, nikasoma kwamba kabla ya kupima chochote uguse ncha ya waya kwenye kidude kilichopo pale pale kwenye osiloskopu, kisha uzungushe skrubu ndogo iliyo kwenye waya mpaka pembe zisimame. Nikaizungusha kwa bisibisi, robo mzunguko tu, pembe zikasimama. Kumbe kazi ya mzee ilikuwa nzima.

Na sasa Rahamatou ameniandikia: "Baba hajambo, ila hasemi. Nakuuliza, siku ile uligusa kwanza kidude cha osiloskopu kabla ya kumpima baba kazi yake?" Sijamjibu. Niseme waya uliharibika njiani? Au nimwombe Bwana Msaidié amrudishie mzee kazi kimya kimya? Maana ikijulikana, nani ataniletea redio tena, na uchumba wangu je?

Fundi Mwenye Aibu

JIBU

Mwanangu, jina nimelificha na ya wengine nimeyabadilisha. Lakini mafundi wenye osiloskopu hapo kisiwani mko wangapi? Na nani aliyekwambia wazee wa Kingazija hawajui Kiswahili? Gazeti hili linafika Mahajanga, na wazee hao hulisoma mpaka matangazo ya vifo. Basi fanya haraka.

Ndiyo, nimekucheka. Nimecheka zaidi pale sauti "iliponoga". Ile transfoma mpya uliipima? Hukuipima. Ungeipima ungeona sabuni ile ile. Yale masikio uliyoyatukana ndiyo peke yake yaliyosema kweli siku ile.

Kusahau skrubu si dhambi, kila mgeni wa chombo husahau. Kosa lako ni kumpima mwalimu wako mbele za watu bila ya kuombwa, na alipokwambia neno moja la upole, ukamrushia uzee wake. Hilo huwezi kuliweka juu ya waya. Habari ya waya kuharibika njiani iache huko huko njiani.

Na huyo Rahamatou, nani aliyekuwa akiwasomea vitabu? Unadhani anauliza? Anajua. Anakungojea useme mwenyewe, ili aone ameposwa na mtu wa namna gani. Mjibu leo: "Hapana, sikugusa, na kazi ya baba ilikuwa nzima." Usiongeze mashairi.

Kisha omba ruhusa kwa Bwana Chaïbou upande meli ya kwanza inayokwenda Mahajanga. Usianzie kwa katibu. Anza kwa Fundi Ibouroi, mwombe radhi, na umwombe ile transfoma yake ya zamani, naapa hakuitupa. Halafu, kwa idhini yake, waite wale wale waliocheka. Waonyeshe skrubu ikiwa imekaa vibaya, waonyeshe ikiwa sawa, na utaje kwa kinywa chako nani aliyekosea. Ulimwaibisha hadharani, umsafishe hadharani. Kimya kimya ni dawa ya kosa la kimya kimya.

Kuhusu wateja, mimi redio yangu ningempelekea fundi anayekiri, kuliko asiyekosea kamwe, maana huyo wa pili sijamwona bado.

Kibao cha duka la mzee kipandishe wewe, ngazi upande mwenyewe. Na wakikucheka, mwanangu, usikimbilie melini. Kaa hapo mpaka wamalize.