Sauti Nyuma ya Mgongo

Nairobi, 3 Machi 1985

Mdogo wangu Kioko,

Pokea salamu zetu. Sisi tu wazima, hofu ni kwenu, hasa baada ya kusoma katika barua yako kwamba amplifaya ya bendi yenu hapo hotelini inakupiga shoti ukigusa maikrofoni.

Nimempa dereva wa basi kisanduku, ukubwa wake ni kama redio ndogo. Kinatumia betri. Chomeka gitaa humo, kisha waya uingie moja kwa moja kwenye mashine ya hoteli ya kuchanganya sauti. Amplifaya achana nayo. Hapa studio tumerekodi nacho nyimbo tatu, na ukisikiliza tepu utaapa kuna amplifaya kubwa chumbani.

Nisalimie mkeo Idah na mtoto.

Kaka yako,
Simeon

Malindi, 21 Aprili 1985

Kaka Simeon,

Shikamoo. Kisanduku kimefika, nashukuru. Idah hajambo, ila mtaa wetu wa Kisumu Ndogo wote ni matope.

Nikikisikiliza nyumbani kwa visikizio vya masikioni, ni kitamu mno. Jukwaani kinanifia. Huko kwenu mnafunga mlango na kila mtu ananyamaza. Hapa kuna ngoma, sahani, wageni wanacheka, na spika zote zinawatazama wao. Nyuma yangu kimya. Nimezoea sauti inisukume mgongoni. Jumapili Dena, mwimbaji wetu, aligeuka katikati ya wimbo akaniuliza, "Kioko, unapiga au umelishika tu?" Watu wa mbele wakacheka.

Mdogo wako,
Kioko

Nairobi, 6 Mei 1985

Mdogo wangu,

Natumai mko salama na mvua hiyo. Kosa ni langu, sikukueleza. Studio tunajali kile kinachoingia kwenye tepu tu. Jukwaani mpigaji naye lazima ajisikie akipiga. Omba spika moja igeuzwe ikutazame. Wakikataa, vumilia. Amplifaya usiiwashe mpaka fundi aitie waya wa ardhi wa kuzuia shoti. Niandikie upesi kwamba umenielewa.

Kaka yako,
Simeon

Malindi, 11 Agosti 1985

Kaka Simeon,

Shikamoo. Barua zako tatu zilizofuata ziko hapa mezani, nilishindwa kuzijibu. Mwili wangu ni mzima.

Ile ya Mei ilifika mapema. Niliisoma mara mbili. Meneja alikataa kugeuza spika, na Jumapili ya tarehe 26, alasiri, nikaitoa amplifaya stoo mwenyewe. Hakuna aliyenituma. Nilivaa viatu vya mpira, nikakaa mbali na maikrofoni, nikaona yatosha. Kwa nyimbo nne nilijisikia, kaka, na nilifurahi. Dena alifurahi pia. Mkono mmoja ukiwa kwenye maikrofoni, akanyoosha wa pili akazishika nyuzi za gitaa langu kwa mzaha, kama alivyozoea. Hakupiga kelele. Nilidhani anacheza.

Hoteli ilisema umeme uliomuua ni ajali ya mvua. Nilibeba jeneza lake mpaka kwao Kakuyuni nikanyamaza. Jana nilirudi huko, nikamwambia mama yake yote, na barua yako ya Mei nikamsomea. Alikuwa anapukuchua mahindi, hakuacha. Akaniuliza kama Dena aliita jina la mtu.

Nikamwambia hapana.

"Haya," akasema. "Nenda, mwanangu. Usije tena."

Mdogo wako,
Kioko