Nani Anafungua Pipa la Makombo?

Nyumba ya kona, Njia ya Gouraya,
Bejaia.
14 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu Djouher,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mlimani. Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Goti lako limepata nafuu au bado linakugomea ngazi? Sisi tu wazima, ila mimi nina mafua kidogo. Mvua za kwanza zimeshanyesha, na zeituni zote zimeingia kwenye mitungi.

Barua yako ya mwezi uliopita sikuijibu, unisamehe. Nilikuwa vitani na kima.

Unalijua lile pipa langu la makombo, pale uani karibu na lango. Maganda, masalio ya mboga, majani ya chai, vyote huingia humo, vikioza navipeleka kwenye mindimu yangu. Miaka minne halikuguswa. Tangu Septemba, kila nikiamka usingizi wa mchana nalikuta limelala chali, maganda ya tikiti yametapakaa uani, na wale kima wasio na mkia wamekaa ukutani wanajikuna kama wenye nyumba.

Nikaweka jiwe juu ya kifuniko. Kesho yake jiwe liko chini. Nikafunga kifuniko kwa waya, nikausokota mpaka vidole vikaniuma. Waya nao ukafunguliwa.

Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka. Kima huvuta, hung'oa, huvunja. Waya huu ulikuwa umesokotolewa taratibu, ukakunjwa, ukatundikwa kwenye msumari. Djouher, tangu lini kima akatundika kitu?

Nikamshuku jirani yetu, Bi Zahoua. Paka wote wa mtaa hula kwake, na ufunguo wa lango letu anao tangu mwaka ule nilipolazwa. Nikawa namchungulia kwa dirisha la jikoni. Akipita, namhesabia hatua. Akinipa mkono, nanusa kama una harufu ya tikiti. Nilipomweleza mume wangu Ouali, akageuza ukurasa wa gazeti, akasema, "Mm." Tangu astaafu bandarini, hilo ndilo neno lake.

Kisha kima mmoja akamparura Tiziri, mjukuu wa Bi Zahoua, mlangoni petu. Mtoto wa miaka minne! Ikabidi achomwe sindano za kichaa cha mbwa, wiki baada ya wiki. Bi Zahoua akaja langoni.

"Ferroudja, pipa lako litatuulia watoto!"

"Pipa langu? Na anayelifungua je? Ufunguo wa lango langu unao wewe!"

"Mimi?"

"Paka hawakutoshi, sasa unafuga na kima!"

Aliutoa ule ufunguo kwenye shada lake la funguo, akauweka juu ya ukuta, akaondoka. Mtaa mzima ulikuwa unatazama. Na huyo ndiye mwanamke aliyempokea mwanangu Yuba akizaliwa, kwa mikono yake, siku ile mafuriko yalipoziba barabara ya hospitali. Ouali alikuwa nyuma yangu, kizingitini. Alisikia kila neno.

Siku mbili baadaye, ufunguo nikiwa nao mimi, pipa likafunguliwa tena.

Jumanne nikaaga kuwa naenda hamamu. Nikabeba beseni na taulo hadi kona ya njia, nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa nyuma na kujibanza nyuma ya pazia la jikoni.

Ouali akatoka na ndala zake. Akafungua waya, akautundika. Akachagua vipande vya boga, akakaa kwenye ngazi. Kima jike mzee, mkono mmoja umepooza, akashuka ukutani na kumsogelea.

"Kula pole pole, bibi wee," akamwambia. "Yuba hakupiga simu wiki hii pia. Ati Montreal kazi nyingi. Na mimi nilikuwa na kazi nyingi, lakini baba yangu nilikuwa namtembelea."

Miezi saba, tangu astaafu, sijasikia maneno mengi hivyo kinywani mwake. Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga na beseni. Mara kundi zima likaruka ukuta. Yeye akakimbilia ndani, pipa likaanguka nyuma yake. Tukagongana mlangoni.

"Ouali! Umeniacha nimtukane yule mama?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya kima?"

"Aibu ya kusema sina mtu wa kuongea naye, na mke wangu yumo ndani."

Nikamwambia avae viatu.

Kwa Bi Zahoua alisema yote mwenyewe, amesimama, kofia mkononi. Bi Zahoua akamsikiliza, mtoto amempakata.

"Ouali, umekosa na umesema. Ingia, kahawa ipo. Wewe Ferroudja, unadhani sikukuona ukininusa mikono? Rudi kwako. Njoo Ijumaa, nitaangalia kama hasira imeisha."

Ijumaa nilikwenda. Akanipa kisu na karoti. Nikamenya zote.

Sasa pipa nimelifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya chuma, na kifuniko kina komeo linalotaka mikono miwili na nguvu. Maganda matamu nayafukia moja kwa moja chini ya mindimu. Kima wamekuja mara mbili, wakagonga-gonga, wakaenda zao. Mchana silali tena. Nakaa uani na Ouali. Siku ya kwanza tuliongea habari za mvua. Ya pili, habari za Yuba. Mpigie huyo mpwa wako, lakini usimwambie nimekutuma.

Ila jana nimekuta karanga mfukoni mwa koti la Ouali. Anasema ni zake, anatafuna mwenyewe. Djouher, mume wangu hana hata jino moja la nyuma.

Nisalimie shemeji Arezki, na Lila na mumewe. Mungu awalinde huko Marseille, awape afya, na awalete nyumbani tini zikiiva.

Wako akupendaye,
dada yako,
Ferroudja