Macho Mliyoyasifu

Baba Keza,

Neno la mapenzi la kuanzia barua sina, kwa hiyo naanza hivyo hivyo. Dada yako alivuka mpaka akapita hapa Nengo Jumapili, akanywa chai yangu, kisha akatoa ujumbe wako: umesikia nimepasuliwa, macho yamefunguka, na sasa uko tayari kurudi nyumbani. Uko tayari! Nani alikuambia tunakungoja?

Nakumbuka siku uliyonipeleka Goma kwa mama yako. Nilikaa kwenye kochi kope zikaniangukia, nikajitahidi kuziinua zikakataa. Nilidhani ni woga wa bibi harusi. Mama yako akafurahi. "Bon, umepata bibi," alikuambia mbele yangu. "Huyu iko na heshima. Haangalie watu mu macho." Shangazi zako wakaitikia, nawe ukavimba kichwa. Nilikuwa naumwa, ninyi mkasifu adabu yangu.

Na hili nalo niliseme, ingawa linanikera: kuna jioni tulikuwa wazuri. Ulikaa nami mezani nikiandaa somo la kinga ya mwili. Nilikueleza kwamba seli T huzaliwa kwenye uboho wa mifupa zikiwa hazijui lolote, kisha husafiri hadi kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ili zikomae. Huko hupewa mitihani miwili. Kwanza, je, seli inaweza kuitambua alama wanayobeba wenyeji wa mwili huu? Isiyoweza hufa. Pili, tezi huionyesha vipande vya mwili wenyewe, vya ini, vya ngozi, vya misuli. Inayovirukia kwa nguvu huuawa humo humo, isipokuwa chache zinazogeuzwa kuwa za kutuliza wenzao. Nyingi hazivuki mlango wa tezi hiyo. Wewe, unayeshinda mpakani ukitoa mizigo ya watu forodhani, ulicheka.

"Donc ni sawa na barrière," ulisema. "Kama hauna jeton, haupite."

"Na mwenye hicho kikaratasi cha kuvukia anayekuja kupiga wenyeji?"

"Huyo, wanamukamata hapo hapo."

Nilikupenda sana jioni ile. Kesho yake niliwafundisha wanafunzi kwa maneno yako.

Kisha Keza akazaliwa, na mwili wangu ukazidi kulegea. Asubuhi niko mzima, jua likianza kushuka ulimi mzito, nyama inanishinda kutafuna, kikombe kinaniponyoka. Kope zile zile mlizozisifu zikawa kope za mlevi. "Mama anasema uko nakunywa," ulinitupia mbele ya mtoto. Mimi, ambaye hata bia ya ndizi siinusi, na wewe unalijua hilo. Hukuuliza kitu. Ulikusanya mashati yako, ukavuka mpaka, ukarudi kwenu Goma.

Nilipokwenda kutibiwa Kigali, daktari aliniambia nitazame dari nisishushe macho. Kope zikashuka zenyewe, polepole, yeye akiangalia. Akauliza hali hii ilianza lini. Nikamwambia, siku niliyotambulishwa kwa wakwe. Hakucheka. Alinieleza kwamba thaimasi yangu imevimba, na kwamba huenda seli zilizostahili kuanguka mtihani wa pili zilipenya, zikatoka, zikachochea wenzao kutengeneza kingamwili zinazoziba mahali ambapo misuli hupokea amri za mishipa ya fahamu. Mwili wangu ulikuwa ukinipiga ukinidhania adui. Miaka yote nilikuwa nikilifundisha somo hilo ubaoni, na lilikuwa kifuani mwangu.

Walinipasua kifua wakaitoa tezi. Kwa mtu mzima mwenye afya tezi hiyo huwa imekwisha kunywea, kazi yake kubwa ilifanyika utotoni. Bado nameza vidonge, na nikifundisha mfululizo jicho la kushoto hulegea. Kwa hiyo dada yako amekupotosha: sijapona.

Lakini nina hasira nawe zaidi ya niliyo nayo kwa ugonjwa. Seli zile hazikunijua. Wewe ulinijua. Ulijua ninachokunywa na nisichokunywa, ulijua sauti yangu nikiwa nimechoka na nikiwa mgonjwa. Mtihani wa kwanza uliufaulu vizuri kabisa, kisha ukaingia ndani ukaanza kunipiga mimi mwenye nyumba. Hukumu ya mtu wa namna hiyo uliitamka mwenyewe, mezani pangu.

Kurudi, hapana. Kumwona mwanao, njoo mchana, upige hodi kama wageni wengine. Jumapili Keza alimsalimia shangazi yake akimtazama usoni moja kwa moja, na dada yako akauliza kama mtoto huyu hafundishwi adabu. Nilimjibu kwamba anafundishwa, na mwalimu ni mimi. Nawe atakutazama vivyo hivyo. Nitakuwa nimesimama nyuma yake, macho juu. Ukiona jicho langu moja linashuka, usidhani ni heshima. Ni ugonjwa.

Baki huko salama,

Mama Keza