Gitaa Refu Kuliko Mkono Wangu

Kasulo, Ngara
Jumapili jioni

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mguu umeacha kuvimba, na mama anakunywa dawa zake za presha bila kusukumwa. Mimi mzima, wanafunzi wangu wazima, na maharage ya watu huku yamechanua. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikitaja gitaa tu, unaniambia mtandao unasumbua, halafu unakata. Barua haikatiki. Mwalimu mwenzangu anakuja likizo Songea, ataifikisha mkononi mwako.

Baba, gitaa lako limenichosha. Siku naondoka kuja kuanza kazi huku, ulisema umelichonga refu makusudi: sentimita sitini na saba za uzi, kutoka juu ya shingo hadi kwenye daraja linaloshika nyuzi kule chini, ili sauti ifike benchi la mwisho kanisani bila spika. Kweli ilikuwa inafika. Nyuzi zimekaza, zinalia wazi. Lakini ulipima kwa mkono wako, mkono wa mtu anayebeba mbao. Mimi nina vidole vya mama. Nikitaka kubana kodi ya F, ile sauti inayotaka nyuzi zote sita zibanwe kwa mpigo, kidole cha mwisho hakifiki, maana vile vyuma vilivyokingama shingoni vimeachana mno. Na uzi wenyewe ulivyokaza, lazima nibane kama nakamua blanketi.

Miaka miwili umeniambia mkono utazoea. Haujazoea. Mwezi uliopita nilishindwa kushika chaki siku tatu, watoto wakawa wanaandika ubaoni wenyewe. Mganga wa zahanati akasema nikipumzishe kifundo cha mkono, la sivyo niache kupiga kabisa. Samahani kwa kusema hivi, baba, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Halafu akaja katekista wa kigango cha jirani na gitaa dogo alilonunua Kabanga, mpakani. Nililipokea kwa dharau, maana nimelelewa na wewe. Nyuzi zake fupi zimelegea kidogo, vyuma vimekaribiana, sauti yake nene na ya upole. Nikapiga nyimbo sita bila maumivu. Nilifurahi, kisha nikakasirika sana, kwa sababu miaka miwili yote nilijiona mvivu. Nikakupigia siku ile ile. Ukasema hilo ni gitaa la watoto, na mtandao ukasumbua.

Basi nikalipeleka gitaa lako kwa Siliveri, fundi wa vitanda na milango hapa kijijini, nikamwomba afupishe nyuzi. "Kazi ndogo hiyo, mwalimu," akasema. Akabandua daraja, akalisogeza mbele vidole vinne, akalibandika kwa gundi. Nami nimesimama pale pale, namshukuru. Kosa hilo ni langu pia.

Jumapili iliyopita, wakati wa matoleo, nyuzi zikiwa wazi hazikuwa na neno. Nilipobana tu, kila kodi ikawa chachu. Nikakaza, nikalegeza, ikazidi. Watu walishapanga mstari na ndizi zao na maharage, wakasimama wananitazama. Mama Devota, mwenyekiti wetu wa kwaya, akaniwekea mkono begani. "Mwalimu, liweke chini, tuimbe kwa midomo." Wakaimba kwa makofi, mimi nimekaa na gitaa miguuni kama mtu aliyefumaniwa. Aibu ile sijaimaliza hadi leo.

Nilipofika nyumbani nikakumbuka ulivyonifundisha nikiwa mdogo. Uliukunja uzi katikati, ukaniambia chuma cha kumi na mbili ndicho kitovu chake; kisipokaa katikati, gitaa linasema uongo. Nikapima kwa rula ya darasani, na kweli kitovu kilikuwa kimehama. Somo lako mwenyewe, na bado nilikuwa nimelisahau.

Jumatatu mimi na Siliveri tukarudisha daraja pale pale ulipoliweka wewe. Kisha nikamwomba Siliveri koleo, nikang'oa chuma cha kwanza na cha pili kwa mkono wangu. Palipokuwa na kile cha pili tukaweka mfupa wa mbuzi ubebe nyuzi. Sasa uzi ni karibu sentimita sitini, na ukianza kuhesabu vyuma kutoka kwenye mfupa huo, cha kumi na mbili kiko katikati kabisa. Uzi ukifupishwa sauti hupanda, kwa hiyo nikalegeza nyuzi zirudi kwenye sauti ya waimbaji.

Leo nimepiga misa nzima, na kifundo hakikuuma. Nakiri sauti imepungua. Wazee wa benchi la mwisho wamelalamika, na kwa hilo ulikuwa na haki. Mama Devota amewaambia wasogee mbele, nafasi ipo. Lakini hasira yangu haijaisha, baba. Sikutaka kuigusa kazi yako bila ruhusa yako. Ruhusa niliiomba mara nne.

Nisalimie mama, mwambie vidole vyake vimepona. Nisalimie shangazi wa vitumbua pale stendi, na kaka Osmundi anayekusaidia kupasua mbao.

Ndani ya bahasha utakuta vyuma viwili nimevifunga kwenye karatasi ya daftari. Ndivyo nilivyong'oa. Havijapinda. Kama bado unaona mkono wangu utazoea, njoo navyo Kasulo uvirudishe mwenyewe. Ila kabla hujashika nyundo, kaa benchi la mwisho, unisikilize.

Ni mimi mwanao, mwenye vidole vya mama yake,
Yustina